Mwaka wa Tope

Wahenga walisema cha mtu mavi. Mimi kazi yangu ya kwanza mjini Mwanza ilikuwa kuyapima hayo hayo, tena si ya mtu mmoja, ya mitaa mizima ya Nyakato. Majirani wa kwetu Majita walipomuuliza mama binti yake ameajiriwa kufanya nini, alijibu, "Yuko kwenye maji." Hakudanganya. Ila hakumalizia.

Ilikuwa miaka ile ya mageuzi, mashirika ya umma yakiuzwa moja baada ya jingine. Madukani vilijaa vitu ambavyo utotoni tulivisikia redioni tu, na wakati huohuo viwanda vya Nyakato vilikuwa vinafunga milango na wafanyakazi wanapunguzwa. Minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukagombea mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa kiwanda kimoja kulikuwa na mabwawa ya majitaka. Kiwanda kilichoyachimba kilishasimama, mashine zimefunikwa maturubai zikisubiri mnunuzi, lakini watu hawakuhama kwenye zile nyumba, na tumbo halijui habari za ubinafsishaji. Kila asubuhi bomba lilileta chake.

Siku ya kwanza nilikwenda pale nimejifunga leso puani, nimeinua sketi kama mtu anayevuka mto. Nilirudi nimeisahau leso mfukoni. Maji yaliingia bwawa la kwanza meusi, yanatoa mapovu, ukiyatazama unajuta kuzaliwa na macho. Yakapita bwawa la pili yakiwa ya kijani kibichi. Kufika la mwisho, mdiria alikuwa amekaa juu ya kijiti anachungulia chini, kisha akajitupa akatoka na kisamaki. Hakuna mashine iliyokuwa inanguruma, hakuna dawa iliyomwagwa. Jua, upepo na vijidudu visivyoonekana, basi. Nilisimama pale hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa. Sikuumwa. Nilikuwa nimeshangaa tu, na nikiri kwamba mshangao ule haujaniisha hadi leo.

Huyo mlinzi ndiye tuliyemwita mzee wa mabwawa. Alikuwa Msukuma wa makamo ya juu, mfupi, mwenye buti za mpira zilizozibwa viraka vya tyubu ya baiskeli. Shirika letu la maji lilipopunguza watu lilimwacha yeye, nadhani kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwa yupo. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, halafu ananichokoza. "Mjita, leo umekula dagaa wangapi?" Nami namwambia, "Wengi kuliko ng'ombe ulionao." Anacheka mpaka anashika kiuno, maana ng'ombe zake zilikuwa zimekufa zote kwa ndigana, kama za watu wengi tangu majosho yakose dawa. Mtu akiweza kucheka kufa kwa ng'ombe zake, ujue amekwisha kulia vya kutosha.

Chini ya mabwawa hukaa tope. Likijaa sana bwawa halifanyi kazi tena, kwa hiyo kila baada ya muda hutolewa, likamwagwa kwenye mabirika mapana ya saruji yaliyowekwa mchanga chini, likauke. Zamani tope kavu lilitupwa korongoni, na mvua zikalipeleka ziwani. Lakini ziwa nalo lilikuwa limeanza kuvamiwa na magugu maji, kila mtu anatafuta wa kumlaumu, ndipo ukaja mwongozo kutoka juu: tope lisitupwe, lipelekwe mashambani kama samadi, ila kwanza mabwawa yapate cheti. Na cheti kilikuwa na masharti mawili. Tope liwe limekaa birikani mwaka mzima. Kisha maabara ithibitishe kwamba hakuna yai hai la mnyoo ndani yake. Maabara ilikuwa ni mimi, hadubini moja na kabati.

Aliyekuwa wa kwanza kuliomba tope lile alikuwa mama mmoja mjane kutoka kijiji cha njia ya Misungwi. Alikuwa ananizidi umri kidogo, akaniita dada, nami nikamwita mama. Shamba lake lilikuwa la luseni, ule udongo wa kichanga mweupe wa kando ya vilima, ambao usipolishwa haukulishi. Mumewe alipokuwa hai walikuwa na zizi, na zizi ndilo lililolisha shamba. Ng'ombe zikafa, mume akafuata, na mbolea ya dukani, ile ambayo zamani serikali ilichangia bei yake, ikawa kitu cha kutazama kupitia dirishani. Misimu miwili mfululizo alivuna mabua yanayofika magotini.

Mama mkwe wake ndiye aliyekuwa na kauli juu ya ardhi ya ukoo. Alikuwa amemwambia mbele ya watu, bila kufoka: shamba lisilozaa mwaka ujao atampa mdogo wa marehemu, maana ardhi haiwezi kukaa na mtu anayeiua njaa. Mjane huyu alikuwa na watoto wanne na hakuwa na mahali pengine. Alisikia habari za tope kutoka kwa mzee wa mabwawa, ambaye alikuwa wa ukoo wa mama yake. Ndiyo maana kila akija mjini kuuza mkaa alipitia kwetu, anasimama kwenye birika la tatu, anavunja bonge la tope jeusi na kulinusa. Lilikuwa halinuki kabisa. Lilinukia mvua ya kwanza.

"Lina mwaka hili?" alimuuliza mzee.

"Lina mwaka," mzee akasema.

Nami nikaandika hivyo kwenye karatasi zangu, nikachota sampuli kwenda kupima.

Kupima kwenyewe ni kazi ya mikono na subira. Unalisuuza tope kwenye chujio, unalizungusha kwenye mashine, na kwa kuwa ilikuwa enzi za mgao wa umeme mashine yangu ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono kama cherehani. Halafu unalitia maji ya chumvi kali sana. Udongo unazama, mayai ya minyoo yanaelea. Ukiyapata, unayahifadhi kwenye kichupa chenye tindikali hafifu ili ukungu usiote, unakifungia kabatini wiki kadhaa kwenye joto. Vitabu vilitaka kifaa maalumu cha joto. Mwanza yenyewe ilitosha. Yai lililokufa hubaki vilevile kama punje. Lililo hai, mtoto wa mnyoo huumbika ndani yake. Humo humo kwenye tindikali! Kiumbe kinachoweza kukua ndani ya kitu nisichothubutu kukitia kidole, kwa kweli nilikichukia na kukiheshimu kwa pamoja.

Wiki zilipotimia nilifungua kabati nikiwa na matumaini, hata kalamu ya kusainia nilikuwa nayo. Nikaweka tone kwenye kioo, nikainama. Lilikuwa pale yai la mviringo, la rangi ya chai, ganda lake limekunjamana. Na ndani yake kitu chembamba kilichojikunja mara mbili. Nikaelekeza mwanga wa jua kwa kile kioo cha chini ya hadubini. Mwanga ulipokipasha, kile kitu kikajigeuza. Taratibu, kama mtoto anayegeuka usingizini kwa sababu umefunua dirisha. Nikatafuta jingine. Nalo likageuka. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, nikajisemea.

Mhandisi wetu alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, anayependa kahawa na mambo yaliyonyooka. Alitazama kwenye hadubini, akafuta miwani, akatazama tena.

"Haiwezekani," alisema. "Baada ya mwaka mzima yangebaki machache sana. Haya ni mengi mno. Umechanganya vichupa, bibie."

"Sijachanganya."

"Basi mashine yako."

"Mashine yangu ni mkono wangu, mhandisi."

Nilikasirika, sifichi. Nina hasira za karibu, na siku ile nilitoka mle chumbani nikatembea hadi mabwawani juani bila kujifunika, mhandisi akinifuata nyuma na kikombe chake mkononi. Kuuliza si ujinga. Mzee alikuwa anakata nyasi ukingoni.

"Mzee, tope la birika la tatu lina mwaka?"

"Lina mwaka."

"Mwaka mzima?"

Akanyooka akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji ni maji. "Sasa mwaka nusu ni mwaka gani?"

"Mlilitoa bwawani lini?"

"Tulipokuwa tunasia mpunga."

"Halafu?"

"Halafu mwaka ukanyesha, ukaisha. Si tumevuna? Saa hizi ni kiangazi tu, binti."

Sisi wawili, tuliosoma, tulitazamana. Kwa mzee huyu, mwaka ni msimu wa mvua: unaanza watu wanaposia, unaisha wanapovuna. Miezi ya jua inayobaki si mwaka, ni kiangazi, ni muda wa kuoa na kujenga. Alikuwa amesema kweli tupu. Nasi tulikuwa tumesikia kweli yetu. Tope lile lilikuwa na mvua moja, na kalenda ya ukutani ilikuwa bado inalidai karibu nusu ya miezi yake.

Mhandisi ndiye aliyeanza kucheka. "Kwetu Bukoba mvua hainyamazi," alisema, kahawa ikimwagika kwenye viatu. "Kwa hesabu hii mimi nina mwaka mmoja tu tangu nizaliwe!" Mzee naye akacheka, ingawa sina hakika alijua anachochekea. Mimi nilicheka kidogo, kisha nikamkumbuka yule mama.

Alikuja siku ya soko. Nilijaribu kumweleza kwa maneno, nikaona maneno hayafiki. Alikuwa amekwisha kulishika tope lile kwa mikono yake, amelinusa, ameliona jeusi na laini. Utamwambiaje mtu kwamba kitu kizuri kiasi kile kina hatari? Nikamkalisha kwenye stuli mbele ya hadubini.

"Sioni kitu," alisema. "Naona kope zangu."

"Sogea nyuma kidogo. Fumba jicho jingine."

Akafumba. Halafu nikaona mkono wake umeshika ukingo wa meza.

"Kanageuka," alinong'ona. "Dada, kanageuka! Kako hai!" Akainua uso, akanitazama, akarudi kutazama tena. Nilijua anavyojisikia. Tulipokezana ile hadubini kama watoto wenye embe moja. Kisha akauliza ni mdudu gani, nikamwambia ndiyo ile minyoo mikubwa ya tumboni, hivyo ndivyo inavyoanza.

"Kitinda mimba wangu ana mshono tumboni kwa ajili ya haka," alisema. "Walimpasua hospitali, wakayatoa madudu yamejisokota kama kamba. Basi tope silitaki."

Alitoka akakaa kizingitini. Nilidhani atalia, hakulia. Aliuliza tu, bila kunitazama, "Mvua zikija nitapanda kwenye nini?" Nilijisikia vibaya sana, maana mimi ndiye niliyemwonyesha.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Pasiansi, karibu na ziwa. Jumamosi nilikuwa natoka kuchota maji nikapita kwa wanawake wanaoanika dagaa juu ya mwamba. Mwanza imejaa miamba, huwezi kujenga choo bila kuomba ruhusa ya jiwe. Mwamba ule ulikuwa bapa, mpana, na ilikuwa mchana wa kiangazi. Ndala yangu ilikatika, nikakanyaga jiwe kwa unyayo mtupu. Niliruka nikapiga kelele, ndoo ikamwagika, wanawake wakanicheka: "Wewe si mtoto wa ziwani wewe!" Lakini mimi nilikuwa nimekumbuka mwamba wa nyumbani Majita, ambako mama alikuwa anatukataza kuwafuata dagaa mchana kwa sababu tungebabuka miguu. Nikasimama pale na mguu mmoja juu. Yai la mnyoo linastahimili tindikali, linastahimili giza na miezi birikani. Kuna kitu kimoja tu lisichokistahimili, na wanawake hawa walikuwa wanakitumia kukaushia dagaa.

Jumatatu nilimwambia mhandisi. Aliuliza maswali mengi, yote ya maana: joto kiasi gani, tabaka unene gani, utajuaje. Mwisho akasema, "Jaribu. Ila masharti ya yai yako palepale." Ndani ya uzio wetu kulikuwa na mwamba mkubwa uliolala kama mgongo wa kiboko, makazi ya mijusi ya vichwa vyekundu. Hakuna aliyeanika chakula pale. Tukautwaa.

Mzee akampelekea habari yule mama, naye akaja, akahamia kwa binamu yake Nyakato kwa muda. Tulilibeba tope kwa karai, tukaliponda mabonge, tukalitandaza jembamba, unene wa kidole. Mzee wa mabwawa alisimama pembeni akashika kichwa.

"Mnaanika mavi kama udaga wa muhogo," alisema. "Nimezeeka, nimeona."

Lakini alikwenda akatafuta reki, na ndiye aliyekuwa analigeuza. Wanawake waliopita balabalani, kama yeye alivyoita barabara, waliziba pua kwa mazoea, halafu wakaona hakuna harufu, wakazibua kwa aibu. Mchana nilichomeka kipimajoto ndani ya lile tabaka. Zebaki ikapanda. Ikaendelea kupanda hadi nikakitoa nikakitikisa, nikidhani kimeharibika. Nikakichomeka tena, ikapanda vilevile. Nilijua jua ni kali, nani asiyejua? Ila kuona jiwe ambalo halina kazi tangu dunia iumbwe likipika namna ile, kimyakimya, bila kuni na bila Shirika la Umeme, kulinifanya nitamani kulivulia viatu. Nisingeweza, lingenichoma.

Tulifanya hivyo siku nyingi, tunatandaza, tunageuza, tunakusanya lililokauka chini ya turubai, tunatandaza jingine. Nikachukua sampuli nikaifungia kabatini kando ya kichupa cha zamani. Kilichobaki kilikuwa kusubiri, na kusubiri huku ndiko kulikotutoa jasho. Mawingu yalianza kurundikana upande wa ziwa kila alasiri. Yule mama alikuwa akiyatazama kama mtu anayetazama basi lake likija na yeye bado hajafunga mzigo. Hakuniuliza kitu. Angeniuliza ningemfokea, na alilijua hilo.

Nilipofungua kabati radi ya kwanza ilikuwa imekwisha kulia. Nikaanza na kichupa cha zamani: mayai yanageuka, kama kawaida yao, wazima wa afya. Nikaweka tone la tope la mwamba. Mayai yalikuwapo. Yamesinyaa, yameingia ndani upande mmoja, kama mbegu za maboga zisizo na kiini. Nikapasha mwanga. Nikasubiri. Nikaweka tone jingine, na jingine, hadi shingo ikakakamaa. Hakuna kilichogeuka. Tope lilelile, tumbo lilelile la Nyakato, moja limelala kwenye birika na jingine limelala juu ya jiwe. Mhandisi akatazama, akanipa mkono, kisha akavua kofia, sijui alikuwa anaiheshimu maabara au jua.

Nikasaini. Mahali palipoandikwa "mwaka mzima" mhandisi aliongeza kwa mkono wake maelezo ya mwamba, na wakubwa wakayakubali baada ya kuja wenyewe kukanyaga lile jiwe. Lori lililokuwa linakwenda kuchukua mawe njia ya Misungwi likabeba tope kwenda, na yule mama akapanda juu yake, amekaa kwenye kilele cha mzigo wake kama bibi harusi. Mvua ilinyesha wiki ileile.

Sikumsikia tena hadi mvua zilipokuwa zimekolea. Kisha mzee wa mabwawa akaniletea ujumbe: "Yule mama anasema uje. Kuna kitu kimeota shambani ambacho hakukipanda. Na mkwe wake amekiona."

Kitu gani? Kabla ya kupanda gari nilifungua kabati, nikatazama tena kile kichupa cha tope la mwamba. Mayai yalikuwa yaleyale, maganda matupu. Hiyo haikunituliza kama nilivyotaka. Njia nzima nilikuwa nafikiria saini yangu, na yule mtoto mwenye mshono.

Shamba nililiona kabla ya kuoneshwa. Pande zote mahindi yalikuwa ya kimanjano, yamejiinamia. Katikati palisimama kipande cha kijani kilichokolea hadi karibu na weusi, mahindi yamenizidi kimo, yanabeba. Nilitaka kushangilia. Lakini watu walikuwa wamesimama ukingoni, wanawake na watoto, na mbele yao bibi mmoja mwembamba, mrefu, ameegemea mpini wa jembe. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba bila kunipa mkono.

Yule mama akanishika kiwiko, akanipitisha kati ya mistari. Chini ya mahindi, kila mahali, ovyo, zilikuwa zimetambaa nyanya. Si mche mmoja. Zilijaa. Ndogondogo, nyekundu, mashada kwa mashada, hazikupandwa na mtu.

Nilielewa papo hapo. Watu wa Nyakato wamekula nyanya, mbegu zikapita tumboni, zikapita bombani, zikazama bwawani, zikakaa birikani, zikaokwa juu ya jiwe lililoua mayai ya minyoo, zikabebwa na lori, na kwa tone la kwanza la mvua zikaamka. Nilichuchumaa nikazigusa. Mji mzima ulikuwa umeota pale.

"Wanasema ni shamba la mavi," yule mama alininong'oneza. "Mkwe anasema kama mbegu hazikufa, na mengine hayakufa. Anasema hakuna atakayekula cha humu. Na kisicholiwa si mavuno."

Swali lilikuwa la haki. Ndilo hilohilo lililokuwa kichwani mwangu. Mbegu ya nyanya ikishakauka ni kaidi kwa joto, hilo nililisoma baadaye. Siku ile nilijua jambo moja tu: sikuwahi kupima mbegu, nilipima mayai, na mayai nilikuwa nimeyaona asubuhi ileile.

Tukatoka. Yule bibi, mama mkwe mwenyewe, akaninyooshea kidevu.

"Mwenye kuandika kalatasi ndiye huyu?"

"Ndiye, mayu," yule mama akajibu, kwa neno lao la mama.

"Basi ale."

Nilichuma moja. Nikaipangusa kwenye khanga. Akilini sikuwa na wasiwasi hata chembe, nilikuwa na uhakika wa mtu aliyeona kwa jicho lake. Lakini mdomo hausomi vyeti. Ulikataa kufunguka. Nilisimama pale watoto wakinitazama, nikaliona lile bwawa la kwanza jeusi linalotoa mapovu, nikaona kile kitu kinachojigeuza, nikamwona mama yangu akisema "yuko kwenye maji." Halafu nikauma.

Ilikuwa na joto la jua. Ilikuwa tamu, tamu na kali kidogo kama nyanya za porini, maji yake yakanichirizika kidevuni. Nikatafuna, nikameza. Sikujua nimeanza kulia hadi mtoto mmoja alipocheka.

Yule bibi alinitazama koo hadi nilipomaliza kumeza. Kisha akanyoosha mkono wake, kiganja juu.

"Lete iliyobaki."

Nikampa nusu yangu iliyoumwa. Aliitafuna polepole kwa upande wenye meno, macho yake juu ya yale mahindi. Akatema mbegu chache kiganjani, akazitazama, akazidondosha chini na kuzifukia kwa kidole gumba cha mguu. Halafu akamgeukia mkwewe, akamfokea kama mtu anavyomfokea mwenye shamba.

"Zimekaa ovyo hizi. Mwakani uzipande kwa mistari."

Sikuuliza mwaka gani. Yule mama aliinama kama anayeng'oa gugu, akabaki ameinama hivyohivyo, mikono yote miwili ikiwa imezama kwenye udongo.